Kujitengenezea braketi za bampa kwa gari la zamani: vipimo toa kwenye chasisi, sio kwenye braketi mbovu

Bampa la gari la zamani unaweza kulipata, likanyooshwa, likatiwa kromu upya likarudi linang'aa, shida inakuja siku ya kulifunga. Kilicholibeba miaka yote, yani zile braketi za chuma zinazotoka kwenye chasisi na kulishika kwa nyuma, unakuta zimeliwa na kutu, zimepinda, au hazipo kabisa na mtu aliyekuwa na gari kabla yako aliunga kipande cha engo (chuma chenye umbo la L) na bolti tatu za saizi tatu. Na hizi ni spea ambazo kwa modeli nyingi hazitengenezwi tena, ukibahatika kuzipata ni used na zimepinda vilevile. Ila usikate tamaa, mana braketi nyingi za zamani ni flatibaa (chuma bapa kama mkanda) tu iliyokunjwa mara mbili tatu ikatobolewa, mtu mwenye vaisi, grainda, drili, nyundo na subira anazitengeneza na zikakaa vizuri kabisa.

Kabla ya yote angalia bampa lako ni la aina gani. Marekani walileta sheria iliyoanza na magari ya modeli ya 1973, bampa la mbele livumilie kugonga kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, yani kama kilomita 8, bila kuharibu taa na vitu vya usalama. Kwa hiyo magari mengi ya soko lile kuanzia hapo bampa halikai kwenye flatibaa, linakaa kwenye kitu kama shokamzoba, silinda mbili zinazoingiliana zenye mafuta na gesi ya presha ndani. Hizo usizitoboe, usizichomelee, usizipashe moto, zinaweza kulipuka. Ukikuta silinda za namna hiyo zimekufa tafuta nyingine nzima, haya maelezo yangu yote ni kwa magari ya chuma kitupu.

Sasa jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote: braketi ya zamani inakwambia unene wa chuma, upana, saizi ya matundu na staili ya kiwanda, lakini HAIKWAMBII umbo. Fikiria imepigwa mara ngapi kwenye parking, imefungiwa kamba gari likavutwa, mtu kaweka jeki chini ya bampa akanyanyua. Ya kulia imepinda kivyake na ya kushoto kivyake. Ukinakili kila moja kama ilivyo unatengeneza ajali za miaka 50 kwa chuma kipya, alafu unashangaa bampa limekaa upande. Umbo la kweli liko kati ya sehemu mbili, tundu la chasisi na tundu la bampa likiwa limekaa pale linapotakiwa kukaa, na kazi ya braketi ni kuunganisha hizo mbili basi.

Kwa hiyo anza na chasisi. Weka gari juu ya stendi imara, sio jeki, sakafu iwe sawa, lisawazishe kwa pimamaji. Chukua timazi (kamba yenye kizito mwishoni), ishushe kutoka kwenye matundu unayojua kiwanda kiliyatoboa kwa vipimo, mfano matundu ya bolti za sapensheni kushoto na kulia, alafu ishushe pia kwenye matundu ya braketi ya bampa pale mwisho wa chasisi. Kila inapogusa sakafu weka alama ya chaki. Ukimaliza sogeza mawazo kwenye sakafu, una ramani ya gari pale chini, pima mshazari kutoka alama ya nyuma kushoto mpaka ya mbele kulia, na ule wa pili unaoukata. Viwe sawa au karibu sawa, tofauti ya milimita 2 au 3 unaishi nayo, ila ukikuta 10 au 15 basi ncha ya chasisi imesukumwa na hapo hakuna braketi itakayokuokoa, nyoosha chasisi kwanza.

La pili watu wanalirukia sana: bodi lazima iwe imeshakaa. Boneti, madigadi, grili, vyote vimefungwa na gepu zake zimeshasetiwa, na kama gari lako bodi imekaa juu ya chasisi kwa raba basi raba mpya ziwe zimeshaingia, mana raba zilizochoka zinashusha bodi na ukipima bampa kwa bodi iliyoshuka, siku ukibadili raba bampa lote linaonekana limeanguka.

Alafu tafuta ushahidi. Picha za gari likiwa jipya zinasaidia, kitabu cha karakana cha modeli hiyo kinasaidia, lakini ushahidi mtamu kuliko wote uko kwenye chasisi yenyewe. Pale braketi ilipokuwa usikimbilie grainda na brashi ya waya. Loweka uchafu kwa dizeli au kiondoa grisi, kwangua polepole kwa kipande cha plastiki, mara nyingi utakuta duara, alama ya washa (kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya bolti) ya kwanza kabisa, ndani yake rangi ya kiwandani bado nzima na pembeni chuma kimeliwa. Hiyo duara inakuonyesha bolti ilikaa wapi ndani ya tundu refu. Piga picha na rula ikiwa pembeni, ukishapitisha brashi ya waya imeondoka na hairudi.

Sasa weka bampa mahali pake bila braketi yoyote. Tumia vipande vya mbao, stendi, maboksi, chochote kinacholishikilia bila kukwaruza, funika kwa blanketi. Lisogeze mpaka gepu ya kulia na kushoto kwenye madigadi ilingane, katikati yake ilingane na katikati ya grili. Urefu wa kwenda juu usiupime kutoka sakafuni peke yake, pima pia kutoka kwenye mstari wa bodi kama chini ya taa au ukingo wa grili, mana jicho la mtu linalinganisha bampa na bodi na sio na sakafu. Na popote braketi inapopita kwenye tundu la bodi acha nafasi kama milimita 10 kila upande, bodi iliyo juu ya raba inacheza na chasisi haichezi nayo, wakigusana rangi inabanduka na kelele haziishi.

Hapo likiwa limesimama ndo unatengeneza tempuleti, yani kielelezo cha umbo la braketi. Kadibodi nzuri kwa kuanzia, ila mi napenda kumalizia na kipande cha bati la 1 mm kilichokatwa upana uleule wa braketi, unakikunja kwa mkono kutoka tundu la chasisi mpaka nyuma ya bampa kinafuata njia yenyewe na kinabaki kama ulivyokikunja. Chora mstari wa kila kona. Andika juu yake KUSHOTO, andika mbele, andika juu, andika upande wa nje. Usidharau hii, braketi nyingi zina ofseti kidogo au zimesokotwa, kwa hiyo ya kulia sio kopi ya kushoto, ni ile ya kushoto kama unavyoiona kwenye kioo. Chora ya kwanza, geuza tempuleti chini juu, chora ya pili, zilaze mezani zikitazamana kama viatu, ukiona zote zinaangalia upande mmoja simama hapohapo kabla hujakata.

Kwenye chuma chenyewe, tumia chuma laini cha kawaida chenye unene uleule wa ile ya zamani, pima kwa venia (kipimo cha milimita chenye taya mbili) sehemu ambayo haijaliwa. Zinakuwa mara nyingi kwenye 5 au 6 mm na upana wa 40 mpaka 50. Mtu atakwambia weka 10 mm ndo ngumu haipindi tena, mi nasema hapana. Braketi inatakiwa ipinde kabla chasisi haijapinda. Ukigonga kidogo braketi laini inameza, unafungua bolti mbili unatengeneza nyingine. Ukiweka mti wa chuma pale nguvu yote inaenda kwenye ncha ya chasisi au kwenye bodi, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Nyembamba sana nayo haifai, bampa zito linatikisika kwenye mashimo na chuma chembamba kinachoka kinachanika penye tundu. Nondo achana nazo, ubora wake haueleweki na zinachomeleka hovyo.

Ila kuna magari ya zamani zaidi, hasa kabla ya vita kuu ya pili, braketi au bampa lenyewe lilitengenezwa kwa chuma cha springi. Utakijua ukikivuta kinarudi, na tupa inakula kwa shida kuliko kwenye chuma laini. Hicho usikipashe moto ukategemea kibaki vilevile, ukikifanya chekundu ukakiacha kipoe taratibu kinapoteza uspringi, ukikitumbukiza kwenye maji kinakuwa kama kioo. Kazi hiyo peleka kwa mafundi wa springi za magari, wenye tanuru na wanaojua kukipa chuma ugumu wake.

Tuje kwenye hesabu ya kukunja, mana hapa ndo braketi nyingi zinatoka fupi au ndefu. Bati la 1 mm unakunja bila kufikiria, flatibaa ya 6 mm ina tabia zake: kona ikikunjwa upande wa nje unavutika, wa ndani unabanwa, na kuna mstari katikati ambao haurefuki wala haufupiki, kwa kawaida uko kama asilimia 40 ya unene ukipima kutoka ndani. Tuseme flatibaa ya 6 mm, kona ya digrii 90, na nusukipenyo cha kona kwa ndani ni 6 mm. Chukua 6, ongeza 0.4 mara 6 ambayo ni 2.4, unapata 8.4, zidisha kwa 1.57 (nusu ya pai, ndo hesabu ya kona ya digrii 90) unapata 13.2. Hiyo ndo chuma inayoliwa na kona. Sasa kama unataka L yenye mkono wa nje 100 na mwingine 60, usikate 160. Toa 12 kila mkono (unene 6 na mviringo 6), unabaki na 88 na 48, ongeza 13.2, jumla ni kama 149. Tofauti ya milimita 11 kwenye kona moja tu, na braketi yako ina kona tatu! Kabla ya kukata kipande cha kweli kata kipande cha majaribio cha 150 kutoka flatibaa hiyohiyo, kikunje kwa vaisi yako, kipime, utajua kona yako inakula kiasi gani. Na mikono ya mwisho acha iwe mirefu kidogo, kukata ni rahisi kurefusha hakuna.

Kata nje ya mstari kama milimita 2 alafu malizia kwa grainda na tupa. Hapa kuna ujanja mzuri sana, vipande viwili vya kushoto na kulia vibane pamoja kwa klempu, vipigwe tupa pamoja kama kitu kimoja, pembe zote zinatoka sawa bila kupima mara mbili. Lainisha kingo zote hasa pale kona itakapokuwa, na msasa upitishe kwa urefu wa kipande sio kwa kukata, mana kila mkwaruzo unaokatiza kwenye kona ni mahali ufa unapoanzia. Flatibaa ya dukani iko salama kwa sababu imevingirishwa kwa urefu, ila kama unakata kutoka plate kubwa angalia uelekeo iliyovingirishwa, kona yako ikatize ule uelekeo isiende nao.

Kukunja kwa baridi 6 mm inawezekana. Meno ya vaisi yafunike kwa vipande vya engo vilivyosagwa kona ziwe mviringo, vaisi tupu ina ukingo mkali unachonga chuma palepale panapotakiwa kuwa na nguvu. Mkono mrefu uingize kwenye paipu upate nguvu, vuta taratibu, nyundo iwe ya kumalizia tu na ipige juu ya kipande cha chuma kingine kisiache makovu. Zidisha kama digrii 2 au 3, chuma kinarudi kidogo ukikiachia. Kila kona ilinganishe na tempuleti kabla hujaenda inayofuata, na fikiria mpangilio, kuna kona ukiitangulia vaisi haitapata pa kushika kwa nyingine.

Kwa moto ni rahisi zaidi na kona inatoka safi, lakini angalia rangi. Pasha mpaka nyekundu ya kung'aa kuelekea chungwa, kunja, ikianza kufifia simama urudishe motoni. Usikunje chuma kikiwa na joto lile la bluu, kati ya digrii 200 na 400 hivi chuma laini kinakuwa kikavu kinaweza kupasuka, na watu wengi wanadhani joto kidogo ni bora kuliko hakuna. Ukimaliza kiache kipoe chenyewe hewani, ndoo ya maji iweke mbali. Kama braketi imesokotwa, bana upande mmoja kwenye vaisi, upande wa pili shika kwa spana kubwa ya kurekebisha, zungusha kwa pumzi moja.

Matundu. Usitoboe yote kabla ya kukunja, tundu lililo karibu na kona linavutika linakuwa yai, kwa hiyo ukingo wa tundu uwe mbali na kona angalau unene wa chuma mara mbili ukiongeza na mviringo wa kona. Toboa yale ya chasisi kwanza, funga braketi zote mbili kwenye gari, rudisha bampa kwenye mbao zake, chora matundu ya bampa kutoka kwenye bampa lenyewe. Piga senta panchi, anza na drili ya 4 mm, panda taratibu. Kwa drili ya 10 mm kwenye chuma laini mzunguko wa 800 mpaka 900 kwa dakika unatosha, tia mafuta, ukiona moshi na ncha imekuwa bluu unakimbia mno. Kipande kibanwe kwa klempu, usishike kwa mkono, drili ikikamata pale inapotokea upande wa pili flatibaa inazunguka kama panga.

Na lazima uwe na matundu marefu ya kurekebishia. Mi nafanya hivi: upande wa chasisi tundu refu linaenda mbele na nyuma, upande wa bampa linaenda juu na chini. Kwa bolti ya 10 toboa matundu mawili ya 11 mm, senta zake ziachane 9 mm, kata katikati, nyoosha kwa tupa, unapata tundu la urefu wa 20. Washa iwe pana na nene, washa nyembamba inazama kwenye tundu refu.

Kama braketi yako ina kiungo cha kuchomelea au kipembetatu cha kuongeza nguvu, 6 mm chonga kingo kwanza ili moto uingie mpaka chini, piga taki (vidoti vidogo vya welding vya kushikilia tu), pima, ndo uchomelee kabisa ikiwa imefungwa kwenye kitu kizito kisivute. Ondoa zinki, kadimiamu, kromu na rangi kabla, moshi wake unaumiza mapafu vibaya sana. Na usisafishe kipande kwa ile dawa ya kusafishia breki yenye klorini alafu ukachomelea, ikikutana na mwanga wa welding inatoa gesi ya fosjini, hiyo inaua kweli. Kwa bampa la nyuma chomelea mezani, usichomelee kwenye gari, kwa sababu tenki la mafuta mara nyingi liko palepale.

Bolti heshimu tredi ya gari lako. Magari mengi ya Uingereza ya zamani yana Whitworth na BSF, baadaye wakahamia UNF, zote ni tredi za kipimo cha inchi, ya metriki ikiingia kwa nguvu inaua meno ya chasisi. Pima kwa geji ya tredi. Kwa metriki ya daraja 8.8 (namba ya ugumu iliyoandikwa kwenye kichwa cha bolti), M8 kaza kama 25 Nm na M10 karibu 45 mpaka 50. Zile bolti za kichwa cha mviringo zenye shingo ya mraba zinazopita mbele ya bampa usizikaze kwa nguvu zako zote, zinalibonyeza bampa na kromu inapasuka kuzunguka kichwa.

Usipake rangi mpaka gari zima limefungwa likakaa sawa, kila kitu kikiwa bado chuma kitupu. Ndo ufungue, usafishe, epoksi praima, rangi nyeusi. Sehemu zinazogusana, braketi na chasisi, rangi iwe nyembamba tu, rangi nene pale inasagika polepole na bolti inalegea bila kuguswa. Ukipeleka kuchovya zinki peleka braketi, bolti za daraja 10.9, zilizo ngumu zaidi, baki nazo, uchovyaji unaingiza haidrojeni kwenye chuma kigumu na bolti inaweza kukatika ghafla.

Kufunga mara ya mwisho, bolti zote ziingie kwa vidole kwanza. Seti katikati, seti urefu wa juu, kaza chasisi, kaza bampa mwisho. Ukiona kati ya braketi na bampa kuna nafasi ya 3 mm usiivute kwa bolti ikaziba, weka kipande cha 3 mm. Bampa linatakiwa likae lenyewe kabla ya kukazwa, likivutwa kwa nguvu linabaki limejikunja na siku moja kromu inachanika au braketi inaachia kwa mlio. Tembeza gari wiki kadhaa kwenye barabara ya kawaida, rudi na spana ya torki uzikague zote. Na zile tempuleti za bati usizitupe, andika modeli, mwaka na vipimo vya matundu kwa kalamu isiyofutika uzitundike ukutani, anayefuata mwenye gari kama lako atakuja kuziulizia.